Wafagiaji wa Msimu wa Mvua

Mvua za mwaka ule zilinikuta nikiwa mgane wa miezi minne, mwenye mbwa watatu nisiowapenda na uwanja nisiojua kuufagia. Majina sitayataja, ya watu wala ya mbwa. Watu wa Segese, hapa kijijini kwetu, wakisoma watajuana wenyewe, na mbwa hawasomi.

Mbwa walikuwa wa mke wangu. Mimi maisha yangu ya kazi yaliishia Isaka, kwenye bandari kavu, nikikagua makontena yanayoshushwa kwenye treni na kupandishwa malori ya kwenda Rwanda na Kongo. Nyumbani nilikuwa nakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Yeye ndiye aliyewasimamia mafundi wakati nyumba inajengwa, yeye aliyepanda uzio wa minyaa, na yeye aliyemwokota kando ya barabara yule jike wa rangi ya mchanga, mwenye sikio moja lililochanika. Jike akazaa, tukabaki na madume wawili, mmoja mweusi na mmoja wa madoa. Nilipostaafu na kuhamia moja kwa moja, niliwakuta watatu hawa wameshajipangia maisha yao, na mimi ndiye nikaonekana mvamizi. Yule jike alikuwa analala mlangoni pa chumba chetu, na kila nikitaka kupita lazima nimruke. Hasogei. Kwa mke wangu alikuwa anasogea.

Kuhusu uwanja, hapa kwetu mgeni anakujua kwa uwanja wako kabla hajabisha hodi. Uwanja mchafu ni nyumba isiyo na mwenyewe. Mke wangu aliufagia kila siku asubuhi na mapema kwa fagio la vijiti, akirudi kinyumenyume kutoka barazani hadi kwenye geti, akiacha mistari iliyopinda vizuri juu ya udongo. Kisha mtu yeyote akipita akaikanyaga ile mistari, hata mimi mume wake, alikuwa anamtazama vibaya mpaka saa nne.

Alipofariki, wanawake wa jirani walikuja kama ilivyo desturi. Walipika, walichota maji, walifagia uwanja, wakanifulia hata shuka. Matanga yalipoisha walirudi makwao, nami nikachukua fagio. Sasa, mwanamume mzima wa Kisukuma, mwenye mvi, amejikunja uwanjani anafagia: wanawake waliokuwa wakienda kisimani walipunguza mwendo. "Mwangaluka, baba, pole na kazi," mmoja wao alinisalimia kwa Kisukuma, sauti ikimtetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. Nilimjibu vizuri, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Kuanzia siku hiyo nilifagia kukiwa bado na giza, na kazi yenyewe ilionekana hivyo hivyo, kama imefanywa gizani.

Binti yetu, mtoto wetu pekee, anaishi Mwanza. Alikuwa ananipigia kila jioni. Siku moja akaniambia amefikiri, ameamua.

"Baba, mvua zikiisha nakuja kukuchukua. Huwezi kukaa peke yako huko."

"Na mbwa?"

"Mwenye nyumba wangu hataki mbwa, baba. Tutawagawa."

Nikasema sawa. Nilisema upesi mno, bila hata kuvuta pumzi, na jambo hilo linanitia aibu mpaka leo. Lakini nilikuwa nimechoka, na wale mbwa wakati huo walikuwa kwangu kama samani za marehemu, vitu vya kutafutiwa mtu.

Kisha mvua zikaanza.

Sijawahi kuona mvua za namna ile. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbugani, ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia, ukilowa unakamata kiatu na kukataa kukirudisha. Maji yakawa yanashuka kutoka kwenye bati, yanapiga pembe ya baraza, yanakata uwanja katikati hadi kwenye geti. Wiki ya kwanza yalikuwa mchirizi. Wiki ya tatu lilikuwa korongo, na nikitaka kwenda chooni ilinibidi nipite juu ya ubao.

Mbwa nao wakaongeza yao. Yule mweusi alikuwa hapendi kulala palipolowa, kwa hiyo alichimba shimo chini ya baraza, chini kabisa ya ukuta wa jiko, akajikunja humo. Yule wa madoa akaona wivu, akachimba la kwake pembeni. Maji yakayaona yale mashimo kabla mimi sijayaona. Siku moja asubuhi nikiwa nachemsha chai nilitazama ukutani nikaona ufa umetoka kwenye sakafu hadi kwenye dirisha. Nilitoka nje nikawatukana mbwa wote watatu kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na yule jike, ambaye hakuwa amechimba chochote, akanikazia macho kana kwamba anangoja niombe radhi.

Nikawaingiza ndani. Nilijiambia ni kwa ajili ya ukuta. Kuingiza mbwa sebuleni huku kwetu ni jambo la kusemwa, watu wanakuuliza kama unawapa na shikamoo. Lakini niliwaingiza, wakajaza matope kila mahali, wakanuka, wakakoroma. Mle ndani mlikuwa na ukimya uliokuwa unanila polepole, na mbwa watatu wanaokoroma waliupunguza.

Kisha kukawa na siku ya mvua ya mawe. Ilikuwa saa tisa alasiri. Bati lilipiga kelele mpaka nikaziba masikio, mbwa wote wakawa chini ya kitanda changu, na ilipokatika nilifungua mlango nikakuta uwanja mweupe. Mweupe pe! Korongo limejaa barafu, matope hayaonekani. Mbwa walitoka mmoja mmoja wakinyanyua miguu, wananusa, wanalamba. Halafu yule jike, kikongwe yule wa kuamka kwa kuguna, akaanza kukimbia. Alikimbia mzunguko mzima wa nyumba, sikio lake lililochanika linapepea, akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye barafu, akainuka akakimbia tena. Nilicheka hadi nikakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Nikageuka kumwambia mke wangu aje aone, na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kumpenda yule mbwa.

Barafu ilipoyeyuka ilikwenda na pembe ya baraza. Mpapai ulibaki kijiti. Nikaona sasa hapana, nikienda Mwanza nataka niiache nyumba imesimama. Nikamtafuta dereva wa tipa, mtu mzima anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, nikamwambia nataka kifusi cha kujaza uwanja. Nikampa na sharti: asiniletee marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa kwa dawa na wachenjuaji, kwa sababu nina mbwa wanaolamba kila kitu.

"Mzee wangu, mimi nakuletea kifusi cha duara," alisema. Duara ndilo jina wachimbaji wadogo wanaloyaita mashimo yao. "Udongo wa juujuu, waliutoa wakati wanalitafuta jiwe. Haujaguswa na mtu."

Alisema kweli. Haukuwa umeguswa na mtu.

Alimwaga tipa mbili. Tuliusambaza na vibarua wawili, korongo likafukiwa, mashimo ya mbwa yakafukiwa, nikashindilia kwa miguu yangu mwenyewe. Uwanja ukawa mwekundu wenye vijiwe vya kung'aa hapa na pale. Nilisimama barazani nikajiona mwanamume aliyejiweza. Usiku ikanyesha.

Asubuhi nikasikia hodi getini, na mbwa wakalipuka. Walikuwa wanawake watano, kila mmoja na fagio na ndoo, wa mbele ni mama mrefu mwenye pengo na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Mwangaluka, baba!"

"Mwangaluka, mayu," nikamjibu, maana mayu ni mama. "Kwema?"

"Kwema. Baba, tumepita tukaona uwanja wako umevurugika na mvua. Tukasema hapa hakuna mama. Ngoja tumfagilie mzee."

Nilifungua geti. Nikakumbuka siku za msiba, nikaona kumbe watu hawakunisahau, kumbe walikuwa wananiona kutoka mbali. Na mbwa wangu, ambao walikuwa wamemzuia hata mchungaji wa kanisa asiingie, walinyamaza. Yule mama mrefu alichuchumaa getini, akawanyooshea mkono mmoja mmoja, na yule jike akapita kwenye sketi yake akajilaza miguuni pake. Jioni nilimwambia binti yangu kwenye simu, "Mbwa hawakosei. Mbwa anamjua mtu mwenye roho nzuri." Baadaye nilikuja kugundua kwamba mkononi mwake mlikuwa na vichwa vya sangara waliokaangwa.

Walifagia kama sijawahi kuona watu wanafagia. Walipita sehemu moja mara mbili, mara tatu. Walichuchumaa penye vibonde na kukwangua. Mmoja wao alisafisha katikati ya mawe ya ngazi kwa vidole na kifagio kidogo cha ndani, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi. Na taka hawakuziacha. Walizikusanya zote kwenye ndoo, wakajitwika.

"Ziacheni tu hapo pembeni," niliwaambia, "nitazichoma."

"Hapana baba, usihangaike," alisema yule mama mrefu. "Sisi tutakwenda kuzimwaga."

Ikawa hivyo. Mvua ikinyesha leo, kesho asubuhi wapo. Isiponyesha, hawaji. Nikaona ni watu wenye mpango, kwa sababu ni baada ya mvua ndipo uwanja unapochafuka. Nami nikaona si haki wafanye kazi na njaa. Nikaanza kupika. Mimi ambaye maisha yangu yote sufuria nililijua kwa kulikuta mezani, nilianza kuamka na kukoroga uji wa mtama, nikachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, nikapanga vikombe barazani. Nikaanza kunyoa ndevu. Nilivaa shati lenye kola.

"Baba, uji huu umeupika au umeugombeza?" yule mama mrefu aliuliza siku ya kwanza, akiuangalia ndani ya kikombe. "Na hii chumvi yote ya nini? Unataka tulambwe na ng'ombe?"

Wengine wakacheka hadi wakakohoa. Nikamjibu kwamba anayefanya kazi kwangu anakula ninachopika, na asiyetaka mlango anaujua. Akanywa vikombe viwili. Walikuwa wanakaa barazani hadi jua linapanda, wakisimulia nani kaoa, nani kafumaniwa, nani amepata jiwe kule machimboni Bulyanhulu akanunua pikipiki na kuigonga kwenye mti siku hiyo hiyo. Waliniuliza habari za mke wangu, na nikawasimulia. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza. Mbwa walilala katikati yao, yule wa madoa kichwa kwenye paja la huyu, miguu kwenye paja la yule. Nilikuwa nalala nikiiombea mvua inyeshe, mimi mwenye nyumba yenye ufa.

Wiki zikapita. Nikaanza kuona mambo nisiyoyaelewa. Nguzo ya geti, ambayo kifusi kiliifukia sehemu ya chini, ilionekana ndefu kuliko nilivyoiacha. Ngazi ya baraza iliyokuwa moja ikawa kama moja na nusu, na yule jike, kwa uzee wake, akashindwa kuipanda, nikawa namnyanyua kila akitaka kuingia. Korongo lilianza kuonekana tena. Nilimlaumu dereva wa tipa, nikasema kifusi chake kinashuka chenyewe.

Jirani yetu mwenye duka ni mtu wa Tabora kwa asili, swala tano, mcheshi, na mizani yake haijawahi kumpunja mtu. Nilikwenda kununua sukari ya uji mchana mmoja, akanipa shikamoo yake, kisha akauliza, "Mzee, wale akina mama wa uwanjani kwako, wanapata?"

"Wanapata uji," nikamjibu. "Na michembe."

Alidhani natania. Aliponitazama usoni akaona sitanii, akaweka kile kijiko cha sukari chini akashika meza kwa mikono miwili. Alicheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akanieleza, kwa heshima sana, kwamba kifusi changu kilitoka kwenye duara lenye mali, yaani dhahabu. Udongo mwepesi unakwenda na mvua, kile kizito kinabaki juu. Asubuhi unafagia, unapeleka mtoni, unaosha kwenye karai. Hawapati mengi, alisema, punje za kupata sabuni na daftari za watoto, lakini wanapata.

"Segese nzima inajua, mzee wangu. Sisi tulijua mmekubaliana."

Naomba msomaji anielewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kukagua sili za makontena, vile vifungo vya mlangoni. Nimewahi kulizuia lori zima Isaka kwa sababu sili moja ilikuwa na mkwaruzo mdogo. Madereva walikuwa wakiniona wanavua kofia. Na mtu huyo huyo amekaa barazani mwake, amevaa shati lenye kola, anawapa watu uji wakati wanambebea uwanja kwa ndoo. Nilipigwa changa la macho mchana kweupe, nikasema asante. Nilirudi nyumbani bila ile sukari. Nikampigia binti yangu, nikamwambia yote, naye akasema, "Unaona, baba? Ndiyo maana nakwambia uje huku."

Walipokuja asubuhi iliyofuata nilikuwa nawangojea getini. Sikufungua. Niliwapa vidonge vyao vyote: wezi, wanafiki, watu wa kucheza na msiba wa mtu. Nilisema maneno mengine ambayo siyaandiki. Wanne waliangalia chini. Yule mama mrefu alinisikiliza hadi mwisho, ndoo kichwani.

"Ni kweli, baba," alisema. "Hatukukwambia." Halafu, bila hasira, akauliza, "Lakini uwanja ulifagiliwa au haukufagiliwa?"

"Ondokeni."

"Na tulikaa na wewe au hatukukaa?"

"Nimesema ondokeni!"

Wakaondoka. Wakati wote huo mbwa walikuwa wananitia aibu kwa kutingisha mikia. Yule jike alijipenyeza chini ya geti akawafuata hadi barabarani, akasimama pale akiwatazama, na alikataa kurudi hadi nilipokwenda kumbeba.

Baada ya hapo palikuwa kimya. Mvua iliendelea kunyesha na asubuhi hakuna aliyekuja. Siku mbili za kwanza nilijisifu. Siku ya tatu niliamka nikakoroga uji kwa mazoea, nikakumbuka, nikawamwagia mbwa. Hawakuula. Walikuwa wamelala getini wote watatu, pua zimeelekea barabarani, na walikaa hivyo mpaka saa nne. Kesho yake hivyo hivyo. Nilikwenda nikasimama nyuma yao nikawaambia, "Hawaji. Walikuwa wanatuibia." Nikaisikia sauti yangu imekauka, nikagundua kwamba tangu juzi sikuwa nimeongea na mtu yeyote ana kwa ana. Niliwakosa wale wanawake. Niliwakosa kwa hasira, lakini niliwakosa.

Siku hiyo jioni binti yangu akapiga. Mvua zinaelekea kuisha, alisema, atakuja Jumamosi na gari. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Madume wawili wamepata mtu mwenye ng'ombe, upande wa Kahama, anataka mbwa wa zizi.

"Na mama yao?"

"Baba, yule ni mzee sana. Hakuna anayemtaka. Nimeongea na bwana mifugo, Jumamosi mchana atapita na sindano. Hatasikia maumivu."

Yule jike alikuwa amelala juu ya miguu yangu wakati huo. Nilikuwa nimezoea uzito wake. Nilimwambia binti yangu tutaongea, nikakata simu, na nikakaa hapo hapo hadi taa ikaisha chaji. Nikiondoka, anakufa. Nikibaki, nabaki na nani? Hilo ndilo lilikuwa swali zima, na sikuwa na mtu wa kuniamulia.

Asubuhi nilikwenda kumtafuta yule dereva mwenye kofia ya sufu.

"Nataka kifusi."

"Safari hii ninacho kizuri, mzee, cha barabarani, safi kabisa, kinashika."

"Sitaki hicho. Niletee cha duara lile lile."

Akacheka. "Mzee, kile kina mali. Utafagiliwa tena."

"Najua kina nini. Nimesema lile lile."

Kisha nikaenda gulioni. Yule mama mrefu siku za kawaida anauza nyanya, kwenye turubai kando ya njia. Aliponiona nakuja, mimi mzee wa matusi, alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge. Nilinunua nyanya nisizozihitaji. Nikazipanga kwenye mfuko moja moja.

"Kifusi kinamwagwa leo," nikasema.

"Cha wapi?"

"Cha pale pale."

"Baba, unajua unachokisema?"

"Najua. Nina masharti mawili. Hatua tatu kutoka ukutani hamgusi kitu, nimepanga mawe pale, atakayevuka mawe nitamfungulia mbwa."

"Wale mbwa?" akauliza, na pengo lake likaonekana.

"La pili. Mje hata kama mvua haijanyesha."

Akatikisa kichwa. "Bila mvua hakuna kinachokuja juu, baba. Tutafagia nini?"

"Mtafagia uwanja," nikamwambia. Nikafunga mfuko wa nyanya. Nikamwambia Jumamosi binti yangu anakuja kunihamisha, na mbwa mmoja atachomwa sindano, nikachukua nyanya zangu nikaondoka. Hakuahidi chochote. Hakuita hata "baba" nyuma yangu.

Mvua haikunyesha usiku ule. Wala uliofuata. Jumamosi niliamka mbingu imetakata, hakuna wingu, ardhi imeanza kufanya ganda. Kifusi kipya kilikuwa uwanjani, kikavu, hakina kitu cha kumpa mtu. Nilikoroga uji mwingi hata hivyo, chumvi nikaipunguza, nikapanga vikombe sita. Nilipomaliza niliona vile vikombe vinanicheka. Nikavitoa, nikavirudisha. Mbwa walikuwa getini.

Gari la binti yangu liliingia saa tatu, maboksi yamejaa kiti cha nyuma. Alinisalimia, akanikumbatia, akaangalia mbwa, akakwepesha macho. Tulianza na sahani. Nilikuwa nampa moja moja anazifunga kwenye magazeti, na sijui tulikuwa tumefika sahani ya ngapi mbwa walipolipuka getini, si kwa hasira, kwa ile kelele ya kupokea mtu.

Walikuwa watano. Kila mmoja na fagio lake. Hawakusema wamekuja kwa nini. Yule mama mrefu alifungua geti mwenyewe, akanisalimia "Mwangaluka" kutoka mbali kama kawaida yake, akajifunga kitenge kiunoni, wakaanza kufagia. Mara moja, kwa mistari, wakirudi nyuma. Vumbi likapanda. Yule jike alikuwa anawazunguka miguuni hadi mmoja wao karibu aanguke, akamwambia, "Hebu toka, bibi wewe, acha nifanye kazi."

Binti yangu alisimama mlangoni na sahani mkononi.

"Baba, si hawa ndio wale waliokuwa wanakuibia?"

"Ndio hao."

Alitazama juu angani, akatazama ule uwanja mkavu, akawatazama tena. Yeye ni mtoto wa Segese, hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Lakini mvua si haijanyesha?"

Nilijifanya nashughulika na uji. Nilipogeuka kumpa kikombe nikaona amekaa kwenye ngazi, sahani ameiweka pembeni, yule jike ameshamwekea kichwa gotini. Alikuwa amechukua simu.

"Bwana mifugo? Shikamoo. Ni mimi," alisema. Akapitisha mkono kwenye lile sikio lililochanika, pole pole, hadi mwisho wake. "Hapana, usije. Mzee hahami."